Siku Baba Alipopanda Gari Lako

Formigine, Oktoba 19

Kaka yangu mpendwa Ivano,

Pokea salamu zangu na za Mama, salamu za nyumba ambayo sasa imepungukiwa mtu. Natumaini wewe hujambo, wifi yangu Marlene hajambo, na Giada anaendelea vizuri na masomo yake. Ukitaka kujua hali zetu, miili tunayo: tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine nitakueleza taratibu, maana ndiyo yaliyonifanya niketi kuandika kwa mkono ilhali simu iko hapa hapa mezani.

Mama anajikaza. Juzi alikunja tortelini za supu, vile vifurushi vya unga na nyama, kama afanyavyo kila wiki, na alipomaliza akagundua amekunja za watu watatu. Hakulia. Alizifunga kwenye kitambaa akampelekea jirani, akarudi akaanza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mchana kutwa anatafuta kitu cha kufua. Mimi bado sijarudi ofisini. Mhariri ananipigia kuulizia makala yangu, namwambia naiandika, na wala sijaandika hata mstari mmoja. Labda ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko tulivyotegemea. Wazee wa kiwandani walikuja wamevaa makoti yao ya kazi, yale mekundu yaliyopauka, na walipotoka kanisani walisimama pande mbili za njia bila kuambiwa na mtu. Jeneza lilibebwa na watu sita. Pale mbele upande wa kulia, mahali pa mtoto wa kiume, alishika Mzee Gualtiero, mwenzake Baba wa karata, na goti lake lile bovu, akikataa kabisa kupokewa. Sisemi haya kukuchoma, Kaka. Wala sikulaumu. Uliniambia kwenye simu kwamba hakukutaka akiwa hai na wewe hutamlazimisha akiwa amekufa. Maneno hayo niliyasikia, nikakosa la kujibu, kwa sababu Mama alikuwa amesimama karibu nami, na kwa sababu jibu lake halikuwa jibu la simu. Jibu lake ni barua hii.

Hebu nianze mbali kidogo. Unakumbuka vizuri Baba alivyokuwa akiyasema magari ya Wamarekani tulipokuwa wadogo. Alikuwa akisema kwamba barabara zao zimechorwa kwa rula, kwa hiyo magari yao yanajua mambo mawili tu, kwenda mbele na kusimama, na hilo la kusimama nalo si sana. Sisi tulicheka mpaka tukapaliwa. Tulimwamini, maana yeye ndiye aliyekuwa mjaribu magari. Kila gari jipya lililotoka getini pale kiwandani lilipita kwanza mikononi mwake, akalipandisha milimani na kulirudisha, akasema hili zima au hili bado. Watu wa Maranello walikuwa wakimjua kwa sauti ya injini kabla hawajamwona. Halafu ukaja ule usiku wa chakula, ulipotuambia kwamba Wamarekani wamekuita na umekubali. Baba aliweka uma chini. Alikuambia uende, ila ukishajifunza kutengeneza sofa lenye injini usije ukamweleza yeye. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo ulipokuwa ukipiga simu alikuwa akinyanyuka, anachukua sigara, anatoka uani. Na ile mara moja ulipokuja kwa harusi ya binamu, mlikaa meza moja siku nzima mkazungumza habari za mvua.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi huu jarida letu lilipata bahati ambayo halijapata kuipata. Tuliletewa magari mawili ya mbio kwa wakati mmoja: hili jipya la watu wetu, lenye silinda kumi na mbili nyuma ya mabega, na hilo la kwenu, lenye silinda nane. Mhariri akataka niyaendeshe yote mawili siku moja, barabara moja, kutoka Maranello mpaka Abetone kule juu milimani na kurudi, halafu niwaambie wasomaji tofauti. Hakujua kwamba usukani na springi za hilo la kwenu ni kazi ya kaka yangu. Mimi nilijua, maana Marlene aliniambia tangu mwaka jana, kwa siri, akisema wewe mwenyewe hutalisema.

Baba naye alijua. Sikumwambia mimi. Formigine, Kaka, ni ile ile. Mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia afya. Gari lilipofika likalala uani kwetu, Mzee Gualtiero alimtania pale baa, wakiwa kwenye karata, mbele ya wazee wote. Alimwuliza, "Learco, nasikia mwanao kawafundisha Wamarekani kukata kona. Au kona zenyewe ndizo zimenyooshwa?" Wazee wakaangua kicheko. Baba alimwambia acheze karata yake. Aliporudi nyumbani alipita karibu na lile gari kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua, kwa upande, bila kuligeukia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, kavu, yenye jua jembamba. Asubuhi nilitoka na Mtaliano, yaani lile gari la watu wetu. Baba alikaa kiti cha pili kama kawaida yake. Tangu moyo wake ulipofanyiwa upasuaji na daktari akamkataza kuendesha, nilikuwa namchukua kila ninapojaribu gari la huku. Wewe ni mtu wa kazi hii, najua hata katika msiba huu utataka kujua, basi nitakuambia kama ambavyo ningewaambia wasomaji.

Mtaliano ni gari linalokutaka uwe macho kabla hujaamka. Usukani wake ni mwepesi na una haraka. Ukifikiria kona, tayari umeshaingia. Injini yake chini haina la maana, inakohoa na kunung'unika kama mzee aliyenyimwa kahawa, lakini ukiipandisha, inafika mahali inaacha kunguruma na kuanza kuimba, na huo wimbo unakuingia mgongoni. Kupanda kuelekea Serramazzoni liliruka kona kwa kona kama mbuzi wa majabali. Ila ni lazima uwe na gia sahihi, mguu sahihi, na moyo sahihi. Ukikosea kidogo linakuaibisha papo hapo. Kwenye yale mabonde ya lami mbovu kabla ya Lama Mocogno lilikuwa linarukaruka, na mikono yangu ikatoka jasho. Baba alifumba macho njia nzima. Kila baada ya muda alikuwa akisema, "Punguza. Sasa. Liachie," na kila mara alikuwa sahihi. Tuliporudi chini nilikuwa nimechoka kama niliyelima, na nimefurahi kama mlevi. Alisema gari ni zuri, wameliwekea kelele nyingi kuliko zamani, akaingia ndani kunywa dawa zake.

Tulikula chakula cha mchana, watatu. Nilipotoka kwenda kuchukua la kwenu nikamkuta Baba amesimama kando ya mlango wa gari amevaa koti lake la kazini, lile jekundu. Mama alikuwa dirishani akifuta glasi, akaacha kufuta. Nilimwuliza Baba anakwenda wapi. Akasema anataka kupunga upepo. Nikamfungulia mlango, nikanyamaza, maana niliogopa nikisema neno atabadili nia.

Kaka, nitazisema na kasoro zenu, usije ukadhani nimekupendelea. Gari lenu ni pana mno kwa vijiji vyetu. Pale Pavullo nilikunja uso kila nilipokutana na lori. Vitufe ni vingi kama vya jiko la hoteli. Pedali ya breki ni ngumu kama ubao, haikuambii chochote mpaka uizoee. Na ule mlio wa mwanzo, Baba aliposikia, alisema hiyo ni mashine ya kupuria ngano. Lakini likikolea njiani ni jambo lingine. Nguvu yake iko chini kabisa, tangu unapogusa mafuta. Kona ambayo Mtaliano alitaka gia ya pili na makelele, hili lilitoka na gia ya tatu bila kuinua sauti, likatusukuma mgongoni kama mkono wa mtu mkubwa mwenye subira. Yule wa asubuhi alinitaka niwe hodari. Hili lako lilinichukua nilivyo. Nilikosea mara moja, niliingia kona ya kushoto kwa kasi kuliko nilivyopima, na kabla sijaogopa lilikuwa limeshanikalisha sawa, kama mtu anayekushika kiwiko ukijikwaa halafu hasemi kitu.

Baba mwanzo alikaa ameshika magoti. Hakufumba macho. Hakusema punguza, hakusema liachie. Tulipita Serramazzoni, tukapita Pavullo, tukafika kwenye ile lami mbovu iliyotuyumbisha asubuhi, nami nikajiandaa kurushwa. Halikuruka. Lilitwambia kila shimo, kila kiraka, lakini kwa upole. Hapo Baba akageuka, akaangalia magurudumu ya mbele kupitia kioo, kana kwamba angeyaona.

Akaniuliza, "Hapa mbele, springi kazipanga nani?"

Nikamwambia, "Ivano."

Akasema, "Najua. Nilitaka tu kusikia mtu akilitaja jina."

Nilikaza macho barabarani, maana yalikuwa yameanza kunidanganya. Baada ya kona mbili tatu hivi akaanza kuzungumza mwenyewe, bila kuniangalia. Alisema gari hili linasubiri kidogo mlangoni mwa kona, kisha linajitoa lote. Alisema hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiingia kona na baiskeli, ukishuka ule mteremko wa nyuma ya kanisa, na yeye alikuwa akikutazama kutoka kwenye ukuta akiomba usisubiri sana. Alisema mtu anaweza kubadili nchi, akabadili lugha ya kuotea ndoto, lakini namna ya kuingia kona habadili.

Baada ya Barigazzo, pale njia inapofunguka na hakuna nyumba, aliniambia nisimame. Nilidhani anajisikia vibaya. Kumbe alikuwa ameshafungua mkanda. Alisema, "Nipishe." Nikamkumbusha aliyosema daktari. Akaniambia daktari hajawahi kuendesha gari la mwanawe. Leseni yake ilikuwa bado hai, barabara ilikuwa tupu, na uso wake, Kaka, sijui nikuelezeje ule uso. Nilimpisha.

Aliendesha mpaka Abetone. Najua unataka kujua aliendeshaje. Aliendesha kama zamani, mikono imetulia, vidole tu ndivyo vinavyofanya kazi. Hakulipeleka mbio. Alilisikiliza. Mara mbili alirudia kona ile ile, aligeuza gari akarudi chini akaipanda tena, kama mtu anayeonja mchuzi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuuamini ulimi wake. Alisema usukani wa Wataliano unakwambia habari kabla hazijatokea, ndiyo maana unachosha. Huu wako unasubiri habari itokee, kisha unakuambia ukweli. Akasema vyote viwili ni vizuri, na kwamba imemchukua maisha yake yote kusema sentensi hiyo.

Pale juu tuliegesha karibu na ile baa ya wanaoteleza kwenye theluji, haina watu msimu huu. Nikaleta kahawa mbili, tukakaa kwenye ukuta mfupi, gari likiwa mbele yetu linapoa na kutoa ule mlio wa chuma kinachosinyaa. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hata Mama hakuwa analijua lote.

Alisema kabla hujazaliwa, Mama akiwa na mimba yako, walikuja Wamarekani pale kiwandani kununua gari. Alimpandisha mmoja wao milimani. Waliporudi yule mtu alimwambia kule kwao wanatafuta watu wenye mikono kama hiyo, akampa nafasi, na akamwahidi nyumba. Baba alinunua sanduku la safari. Alilificha kwa mama yake, Bibi yetu, chini ya kitanda. Siku ya kujibu ilipofika akajibu hapana. Watu wa kiwandani walimsifu kwa uaminifu wake, na nyumbani akamwambia Mama kwamba amekataa kwa ajili yake na mtoto.

"Haikuwa kwa ajili ya mama yako," aliniambia. "Niliogopa, Ombretta. Niliogopa kufika mahali ambapo hakuna anayenijua kwa mlio wa injini."

Ndipo akafika kwenye usiku ule wa chakula. Alisema ulipotamka neno Amerika mezani, hakukasirika hata kidogo. Alisema alikutazama akaona mtu amenyanyuka na safari yake, safari aliyoiacha yeye Baba chini ya kitanda, na huyo mtu wala haogopi. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akageuza kikombe mkononi muda mrefu.

"Ningesemaje? Kwamba nimemwonea wivu mwanangu? Baba anamwonea wivu mtoto wake mwenyewe, unalianzaje neno hilo? Hasira ni rahisi. Hasira watu wanaielewa."

Akaniuliza huko Michigan ni saa ngapi. Nikamwambia ni asubuhi, upo kazini. Nikatoa simu, nikamwambia tukupigie sasa hivi, hapa hapa, ukutani. Akanishika mkono. Alisema haya si maneno ya kumpigia mtu akiwa kazini, watu wanamwangalia. Alisema atakupigia Jumapili baada ya chakula, wewe ukiwa nyumbani na kahawa yako, na atakupigia yeye mwenyewe, kwa mkono wake, Mama asimshikie simu. Alisema ataanza na springi, maana kwenye springi anajua maneno, na hayo mengine yatafuata nyuma.

Hiyo Jumapili, Kaka, ndiyo tuliyomzika.

Sasa nisikilize vizuri, na kama umesimama, kaa. Nilipokupigia nilikuambia Baba amefariki usingizini. Sikusema uongo. Ila sikukuambia usingizi huo ulikuwa wapi.

Tulipoanza kushuka alinirudishia usukani, akasema amechoka uchovu mtamu. Alizungumza mpaka Pavullo. Alisema nimkumbushe kukuuliza kwa nini kiti cha pili kinaunyima mgongo egemeo kidogo pale chini, kwamba hiyo si kazi yako lakini umwambie anayehusika. Alicheka peke yake. Kabla ya Serramazzoni alilaza kichwa upande wa dirisha, mikono mapajani, akanyamaza. Nikasema moyoni, mzee kalala. Nikapunguza mwendo. Na hapa nikakushukuru, nikaishukuru na injini yenu yenye nguvu chini, kwa sababu lile la asubuhi ukilipeleka polepole linalalamika na kushtukashtuka, mtu hawezi kulala ndani yake. La kwako liliteremka kona zote zile kama maji ya kwenye bakuli, bila sauti, na kichwa chake hakikugonga kioo hata mara moja. Nilipofika njiapanda ya nyumbani nikamwonea huruma kumwamsha. Nikapitiliza. Nikazunguka mpaka Spezzano na kurudi, taratibu, ili apate usingizi zaidi.

Sijui ni wapi, Kaka. Hilo ndilo linaloniua. Sijui ni kona ipi. Nilikuwa namwendesha polepole asiamke.

Mama alitoka kutufungulia geti, kitambaa cha vyombo begani. Alikuja upande wa Baba, akafungua mlango mwenyewe, akaweka mkono shavuni mwake. Ndiye aliyejua. Hakupiga kelele. Alimwita tu jina, Learco, mara moja, kwa sauti ile ya kumwambia chakula tayari. Kisha akaniambia nizime taa za gari.

Daktari alisema moyo ule ulikuwa umemaliza kazi yake, kwamba ungesimama hata akiwa anafunga viatu, na kwamba kuendesha hakukuongeza wala kupunguza. Namwamini mchana. Jioni nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyempisha. Nakuandikia hili nawe ulijue, usije ukalisikia baadaye ukadhani nilikuficha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi. Usilikasirikie gari lako.

Ni Mama aliyetaka tuseme alifia kitandani. Alisema watu wa hapa wana midomo, kesho tu wataanza kusema Mmarekani kamuua Learco, na neno hilo litavuka bahari likufikie. Alisema mtoto hapaswi kubeba jambo kama hilo. Nilimtii. Ndiyo sababu ulipolia kwenye simu ukisema hakuwahi hata kuligusa gari lako, nilinyamaza, nikauma kidole. Nisamehe kwa ukimya ule. Ulikuwa mzito kuliko jeneza.

Jana walikuja watu kulichukua gari. Nilikuwa natia sahihi nikasikia mlango wake ukifunguka. Ni Mama. Unamjua alivyo, miaka yote hii hajawahi kuingia katika gari hata moja la kazi ya Baba, alikuwa akisema kwamba amefunga ndoa na mtu, si na injini. Aliingia kwa shida, magoti juu, akakaa kile kiti cha pili. Wale watu wakatazamana, mimi nikawaomba wangoje. Alikaa humo akiangalia mbele, akapapasa dashibodi kama anapanguza vumbi. Alipotoka aliniuliza kama Baba alikuwa na furaha. Nikamsimulia yote, na habari ya sanduku. Alisema sanduku alilijua. Bibi alimwonyesha wiki ile ile. Alisubiri miaka yote hii amwambie, naye Baba hakumwambia. Halafu akasema nawe ulipokuwa ukipiga simu, Baba akitoka uani, alikuwa akiuacha mlango wazi, hata Januari, naye Mama hakuufunga. Kwa hiyo, Kaka, kila ulichomwambia Mama, Baba alikisikia. Alisikia siku Giada alipozaliwa. Mama alisema, "Mwandikie. Kwenye simu atalia tusisikilizane."

Basi nimeandika. Makala ya jarida sitaiandika. Nitamwambia mhariri kwamba sikuweza kuyapima magari yale mawili, na hiyo ni kweli tupu.

Msalimie sana wifi yangu Marlene, mwambie kile kitambaa alichonitumia nilikivaa kanisani. Giada mbusu kila shavu, umwambie babu yake alikuwa akimjua. Mama anakuombea, anakuuliza kama baridi imeanza huko. Mzee Gualtiero anakusalimu. Hana la kutania siku hizi, anakaa pale baa na karata ambazo hazichezi.

Usiniandikie kwamba ungejua ungekuja. Najua ungekuja. Njoo tu.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Ombretta